Viazi Vilivyoanikwa Kama Mpunga

Sikuwahi kujua kiazi kinataka nini mpaka masika yale viazi vilipokosekana.

Nilikuwa nimeishia kidato cha pili, nikaja Ifakara mjini kukaa na shangazi yangu, dada yake baba. Yeye alikuwa anakaanga chipsi kwenye baraza la duka, karibu na kijiwe cha bajaji. Kazi yangu ilikuwa kumenya. Ngozi ya kiazi naijua kuliko viganja vyangu mwenyewe, lakini jani lake nilikuwa sijawahi kuliona. Viazi mviringo kwetu havilimwi, joto haliviruhusu. Vinashushwa kwenye lori kutoka Njombe, vimejazwa lumbesa mpaka gunia limevimba shingo, na udongo wake ni mwekundu, si kama huu wetu mweusi. Kuna siku nilikuwa naunusa tu, nikijaribu kuwaza shamba lenyewe. Shangazi akiniona anasema, "Menya, mwanangu. Kunusa hakushibishi wateja."

Kitu kilichonishangaza ni kwamba sisi ni watu wa bonde. Toka nje ya mji upande wowote, utakutana na mpunga. Lakini ikifika jioni, madereva wa boda, manesi wanaotoka zamu, mafundi wanaojenga zile nyumba zinazoibuka kila kukicha, wote wanataka chipsi. Hata binamu zangu wa Mngeta, wanaolala na kuamka kwenye mpunga, wakija mjini hawasemi wana njaa. Wanasema, "Tupeleke kwa chipsi." Nikawa najiuliza, mji ukizidi kukua hivi, nani atalima viazi vyote hivyo? Na nani atavimenya?

Swali la kumenya lilijibiwa na kijana mmoja aliyekuja na pikipiki, kabeba boksi lenye barafu. Ndani kulikuwa na mfuko wa chipsi zilizoganda, zimelingana zote kama njiti za kiberiti. Akaniwekea moja kiganjani. "Shika, dogo."

Nikaishika mpaka ikalegea. "Nani kaimenya?"

"Mashine, kiwandani."

"Na yale macho ya kiazi, mashine inayaonaje?"

Akacheka. "Wewe unauliza kama mtu wa bima."

Nilimpenda, sikatai. Tatizo ni kwamba alikuwa amekuja kuomba baraza letu. Alitaka kuweka friza na kabati la vioo pale pale tulipokuwa na jiko letu la mkaa. Mwenye duka ni mzee ambaye watu wake walitoka pwani zamani, mpole, haongei kwa haraka. Alimwita shangazi mbele ya yule kijana.

"Binti yangu, mimi napenda baraza langu liwe na watu. Masika yakija wewe huwa unapotea, jiko linapoa, wateja wangu nao wanakwenda kwingine. Safari hii moto ukikosekana hapa wiki nzima, nitampa huyu mwenzako. Tusilaumiane."

"Sawa, Mzee," akajibu shangazi. Usiku hakula vizuri. Bila baraza lile angerudi Mngeta kuinamia palizi ya watu, na mgongo wake ulikuwa umeshakataa kazi hiyo. Nilimwona anaugusa mgongo huku anaosha vyombo, nikajifanya natafuta chumvi.

Masika yakaja kweli. Barabara ikaharibika, lori likachelewa. Lilipofika, magunia yetu yalikuwa yamelowa mpaka yanachuruzika. Shangazi akatazama juu, akaona jua limechomoza kati ya mvua na mvua, akasema, "Lete turubai."

Sisi watu wa mpunga, kitu kikilowa dawa yake ni jua. Hakuna anayefikiria mara mbili. Tukavimwaga viazi kwenye turubai uani, tukavitandaza, tukawa tunavigeuza. Shangazi alivitembelea kwa miguu, akiburuza nyayo kama anavyofanya kwenye mpunga ili punje za chini zije juu, akateleza, kidogo aanguke. Halafu akaokota kiazi kimoja, akakiuma kwa meno ya pembeni, vile tunavyouma punje ya mpunga kujua kama imekauka.

"Bado," akasema, kama fundi.

Tukaendelea hivyo kila jua lilipotoka. Siku moja nikaona viazi vimeanza kuwa kijani. Nikamwita. Akainama, akavitazama, uso ukang'aa. "Vinapata uhai," akasema. "Mpunga ukikosa rangi ndipo uogope."

Tukawasha moto, kwa furaha kabisa. Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa boda ambaye hakosi. Akatafuna, akaacha kutafuna, akatazama sahani.

"Shangazi, leo umekaangia kwinini?"

Wenzake wakacheka. "Kula, utapona malaria!"

Nesi mmoja aliyekuwa anangoja chipsi mayai akaomba kiazi kibichi, akakigeuza kwenye mwanga. "Shikamoo, shangazi. Samahani, viazi vikiwa kijani hivi msiwape watu. Vinaumiza tumbo. Viazi havitaki jua kabisa, vinataka giza."

Shangazi hakubisha. Alizunguka kwa kila mtu, akachukua sahani, akarudisha hela, akaomba radhi mmoja mmoja. Kisha akamwagia jiko maji. Nilisikia ule mkaa unavyolia, nikaenda nyuma ya duka nikafuta macho. Yule dereva akanifuata, akanipiga begani. "Dogo, mimi nilikuwa natania tu."

Kesho yake jiko lilikuwa baridi. Keshokutwa pia. Pembeni yetu alikuwa anakaa mama mmoja Msukuma anayeuza viazi vitamu kwa mafungu. Alipoona turubai letu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mlivianika vizima? Kwetu tunakata kwanza vipande, ndiyo tunaanika. Inaitwa michembe. Unakula mpaka kiangazi."

"Mama, vyako ni vitamu. Hivi ni viazi vya Ulaya."

"Kwani Ulaya hakuna jua?"

Hapo ndipo kichwa changu kikaanza safari. Viazi vyake vinalimwa hapa hapa, havingoji lori. "Mama, na vikikatwa vikatiwa kwenye mafuta?"

"Vitaungua. Vina sukari hivyo. Lakini mimi sijajaribu, jaribu wewe mwenye muda wa kuuliza."

Viliungua. Karai la kwanza lilitoka jeusi nje, bichi ndani. Shangazi akasema, "Basi, mwanangu, tumeshindwa." Nikamwomba mara moja tu. Tukakata vyembamba, tukavilowesha, tukavikausha kwa kitambaa, si kwa jua, tukapunguza mkaa. Vikatoka vya rangi ya machungwa, vinavunjika mdomoni. Tukavinyunyizia chumvi, pilipili na ndimu.

Madereva walikuja kwa ajili ya kutania. "Hizi za kunywea chai!" "Shangazi, Ramadhani imewahi?"

"Kula ndiyo useme," akawajibu. Walikula. Hawakusema, waliongeza.

Siku ya saba tangu jiko limwagiwe maji, mzee alitoka dukani na kiti chake, yule kijana wa friza akiwa ameshafika kusikiliza neno. Shangazi alimpa mzee sahani kwa mikono miwili. Mzee akala taratibu, kipande hadi kipande, sisi tumesimama kama watu walioko mahakamani.

"Utotoni mwangu tulikuwa tunakula mihogo ya kukaanga hivi hivi, na ndimu," akasema mwishoni. Akamgeukia kijana. "Mwanangu, ng'ambo ya barabara kuna baraza la ndugu yangu. Nitakuombea nafasi."

Kijana akachukua kipande kwenye sahani, akakitazama huku na huku. "Hivi vikigandishwa je?" akaniuliza. Tangu siku hiyo hatujaacha kujibizana. Friza yake ina kona yangu, na tunajaribu. Mara vinalainika, mara vinakuwa vitamu kupita kiasi. Hatujapata bado.

Vile viazi vya kijani sikuweza kuvitupa vyote. Vichache vilichipua chini ya kitanda changu, nikavichimbia uani, upande wenye kivuli. Ndipo nilipoliona jani la kiazi kwa mara ya kwanza: lina manyoya kidogo, linafanana na la nyanya. Joto lilipozidi likanyauka. Nilipofukua nilikuta vitu vidogo kama gololi, vyeupe, safi.

Nikavipeleka barazani. Shangazi alikuwa anapuliza moto. Akaviweka kwenye kiganja, akachagua kimoja, na kabla sijasema lolote akakiuma kwa meno ya pembeni.

"Bado," akasema, akacheka mpaka akashindwa kupuliza.