Sahihi ya Baba kwenye Karatasi za Bastola

Ilianza Jumanne, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Nakumbuka dakika kwa sababu nilikuwa jikoni nikiangalia saa na kungoja maharagwe yaive, na kabla sijaamua kama niongeze maji, nikasikia mlango wa gari la Mama ukifungwa nje. Baba na baba mdogo walikuwa sebuleni wakinywa chai. Ilikuwa likizo ya Agosti, kwa hiyo Baba, ambaye hufundisha Hisabati, alishinda nyumbani kila siku na macho yake yote.

Mama alikuwa ametoka Nairobi, alikokaa siku mbili. Alikuwa amesema ni semina ya wenye viwanda vidogo, na ni kweli ana kiwanda kidogo cha sukari nguru upande wa Shianda. Lakini mimi nilijua hakuna semina. Mimi ndiye niliyeandika barua.

Wacha niieleze sasa kabla aibu haijanishika. Mama alikuwa akiomba kibali cha kumiliki bastola, na akatakiwa kuleta barua ya mume inayosema anajua na hana pingamizi. Jioni moja Baba akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, Mama aliweka karatasi mbele yangu. Aliniambia niandike kama Baba, kwamba Baba ameshakubali, ni vile tu hana nafasi. Nilijua hajakubali. Baba akikubali kitu anakitangaza mezani, mpaka jirani anajua.

Niliandika kwa sababu Mama alikuwa na siri yangu. Tangu kidato cha kwanza nimekuwa nikitia sahihi ya Baba kwenye karatasi zangu za mtihani wa Hisabati, zile ambazo mzazi anatakiwa kuziona. Mama alinipata mara moja na hakusema kitu. Nilidhani amenihurumia. Siku ile ya barua nikaanza kushuku kwamba siri hiyo alikuwa ameiweka tu, kama mtu anavyoweka unga wa akiba.

Nilipomuuliza bastola ni ya nini, alisema mara mbili amekuta magogo yamelazwa kwenye barabara ya miwa akirudi kutoka kiwandani, na mara ya pili wanaume wawili walitoka kwenye miwa. Baba hakuambiwa kwa sababu angesema kiwanda kifungwe. Sikujua kama niamini. Kioo cha gari kilikuwa kimevunjika kweli, lakini sisi wote tulikuwa tumeambiwa ni jiwe lililorushwa na gurudumu la trekta.

Basi Mama akaingia, akasalimia, akaweka kikasha cheusi mezani juu ya kitambaa cha kufuma, na faili kando yake. Akasema ni afadhali waione kwake kuliko waisikie kwa watu. Akafungua. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi. Bastola ni ndogo kuliko nilivyofikiria. Ilikuwa kama kitu cha fundi.

Baba mdogo ndiye aliyesema kwanza. "Kaka, kuanzia leo ukitaka kukohoa, uinue mkono uombe ruhusa."

Baba hakucheka. Hakuigusa bastola hata. Alivuta faili, akavaa miwani, akasoma karatasi moja baada ya nyingine vile anavyosomanga majibu ya mtihani ya watu asiowaamini. Mama alikuwa akieleza kuhusu sefu atakayoijenga ukutani na masharti aliyopewa, na sauti yake ilikuwa ikipungua kila Baba alipofungua ukurasa. Halafu Baba akaacha kufungua. Nilijua amefika kwenye nakala ya barua.

"Huu mwandiko si wangu," alisema.

"Najua, Mwalimu."

"Ni wa nani?"

Mama hakunitazama. Hilo nililiona vizuri, kwamba alitazama kila kitu sebuleni isipokuwa pale mlangoni niliposimama. "Huyo mtu mwache," akasema.

Afadhali angenyamaza. Baba mdogo, aliyekuwa ameichungulia barua, aliweka kikombe chini. "Shemeji, mwanaume anayeandika 'mimi mume wake' si mtu wa kuachwa."

Ndipo Baba akatoa kwenye faili cheti cha mafunzo ya kulenga shabaha, ambacho kilikuwa kimejazwa kwa mkono na mwanamume aliyemfundisha Mama. Akakilaza kando ya barua yangu. Akapitisha kidole huku, akapitisha kule. Amekamata watoto wakinakili mitihani kwa zaidi ya miaka ishirini, na sifa hiyo anayo hata kwenye shule za jirani. "Hii m," akasema polepole, "na hii m, ni mkono mmoja."

Haukuwa mkono mmoja. Ile ya barua ilikuwa m yangu, ambayo niliiiba kwa Baba mwenyewe. Lakini nilinyamaza. Mimi hata darasani nikiulizwa jina langu nalitaja kwa kunong'ona, na pale palikuwa na baba mdogo, na ile bastola bado imekaa mezani, na sikujua Baba atanifanya nini akisikia habari za zile karatasi za mtihani.

Mama alikanusha. Alisema yule mwalimu wa shabaha ni mzee, alimwona siku nne tu za mafunzo, tena pamoja na watu wengine. Kila alichokisema kilionekana kama kimetayarishwa. Baba aliuliza alilala wapi Nairobi. Aliuliza nani alimpeleka dukani. Akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, bastola yenyewe imenunuliwa ya kumpiga nani. Mama akataja magogo. Baba akasema, mbona tuliambiwa ni jiwe.

Nilileta chakula saa mbili. Obusuma, ugali wetu, ilikuwa bado inatoa moshi. Nilimnawisha baba mdogo, nikaenda kwa Baba na birika la maji, naye akaficha mikono chini ya meza. "Nimeshiba," akasema. Alikuwa hajala tangu mchana. Kwetu mume akikataa ugali wa nyumba yake hazungumzii njaa, na baba mdogo alilielewa hilo upesi, akafuta mikono aliyokuwa ameshanawa na kuaga.

Baba akamwambia Mama, "Kesho asubuhi naenda kwenu Musanda. Nataka wazazi wako waniambie wana wakwe wangapi."

Jikoni nilimwambia Mama nitasema. Alikuwa akifunika sahani ya Baba na nyingine juu yake, vizuri, kama kwamba bado italiwa. "Mimi ameshaacha kuniamini," akasema. "Nikikutaja wewe, atabaki kumwamini nani nyumba hii?" Nilimtazama nikashindwa kujua anamkinga nani. Mpaka leo sijajua kama ni mimi, au ni yeye mwenyewe, kwa sababu mke aliyemfanya mtoto wake aandike uongo naye ana kesi.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Baba alitoka amevaa koti la kwenda kanisani. Barua ilikuwa ndani ya bahasha kwenye mfuko wa koti, ncha yake ikionekana. Alisimama kwenye lango akingoja pikipiki aliyoiita. Mama alikuwa dirishani, hakutoka.

Nilimwendea na daftari langu. Nilikuwa nimepanga maneno, yakakataa. Kwa hiyo nikachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati lake, nikaweka daftari juu ya nguzo ya lango, nikaandika mbele ya macho yake: Mimi mume wake ninajua na sina pingamizi. Chini nikatia sahihi yake, na ule mkia anaoupinda kushoto.

Pikipiki ilifika ikasimama. Baba hakugeuka kuitazama. Alitoa bahasha, akafungua barua, akaishika kando ya daftari, akapitisha kidole kwenye m moja, kisha kwenye nyingine.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.