Kitufe Nilichokilazimisha

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Mukendo, nikiifanyia kampuni moja ndogo kazi ya kupima mifumo ya kompyuta. Watu wakiniuliza ni kazi gani hiyo, nawaambia: naandika maagizo, kompyuta inafungua ukurasa wa mtandao yenyewe, inatafuta vitufe na kuvibofya, kisha inaniambia kama kila kitu kimekwenda sawa.

Safari hiyo tulitengeneza ukurasa wa kujiandikisha kwa madaktari wa macho waliokuwa wanakuja Bunda. Unajaza jina na kijiji, unabofya "Thibitisha", unapewa siku yako.

Kwenye skrini pana jaribio lilipita. Kwenye kipimo cha simu ndogo likagoma. Kompyuta iliniandikia kwamba kitufe imekiona, ila kuna kitu kimekaa juu yake. Nikaiongezea sekunde za kusubiri. Ikagoma. Nikabadilisha namna ya kukitafuta, kwanza kwa jina lake la ndani, halafu kwa neno lililoandikwa juu yake. Ilikipata kila mara, na kila mara ikakataa kukibofya. Alasiri ikaingia, ofisi nzima inanisubiri mimi. Nikaandika mstari mmoja wa kukibofya kitufe kutoka ndani ya ukurasa, bila kujali kilichokifunika. Likapita.

"Tayari," nikamwambia bosi wangu, nikaenda kula sato.

Wiki iliyofuata nilikwenda Butiama kumwona mama mkubwa, dada yake mama, aliyenilea. Jicho lake moja lilikuwa limefunikwa kabisa na mtoto wa jicho, la pili lilikuwa linafuata. Nilikuwa nimeshamtumia baba mkubwa anwani ya ukurasa ili amwandikishe.

"Shikamoo mama. Mmepangiwa siku gani?"

"Marahaba mwanangu. Muulize baba yako."

Baba mkubwa alicheka kwa aibu. "Hatujapangiwa. Nabonyezaga pale, haiendi. Leo siku ya nne. Nikasema labda hivi vidole vya jembe simu haivitambui."

"Nikamwambia aache," mama mkubwa akadakia. "Labda wanatakaga vijana."

Niliichukua ile simu. Chini kabisa, ukanda wa tangazo la kuwakaribisha wagonjwa ulikuwa umelala juu ya kitufe. Kilichobaki kuonekana ni ncha za herufi. Nilibonyeza. Nikabonyeza tena kwa ukucha. Nikakaa chini palepale kwenye jamvi.

"Imeharibika?" baba mkubwa akauliza.

"Baba, siyo vidole vyako. Ni mimi."

Hakunielewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza. Kompyuta iliniambia ukweli mtupu nami nikaiziba mdomo. Nilitoka nje nikampigia bosi. Nilipomaliza kueleza akaniuliza:

"Ulilijua hili?"

"Niliambiwa. Nikalipita."

Akafungua orodha na kunisomea vijiji. Kutoka kijiji cha Bugwema, ambako wengi wanatumia simu ndogo, hakukuwa na mtu hata mmoja. Alisema alishangaa tangu mwanzo, akadhani watu wa huko wako shambani. Madaktari walikuwa wamebakiza siku tano wafike.

Niliufuta ule mstari wangu, na mwenzetu aliyetengeneza ukurasa akausogeza ukanda juu. Kazi yote haikuchukua hata nusu saa. Nusu saa! Asubuhi yake nilipanda bodaboda hadi Bugwema na daftari, nikapita nyumba kwa nyumba nikiandika majina kwa mkono. Kwenye kaya moja mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sisi tulijua ni mtandao tu." Mumewe, ambaye ndiye mgonjwa wa macho, alikuwa ameshaondoka kwenda kwa ndugu zake mbali, asubiri huko mpaka hospitali ya huko imwone. Simu yake haikupatikana. Niliandika jina lake hata hivyo.

Mama mkubwa alifanyiwa upasuaji siku ya tatu ya zoezi. Walipomfungua bandeji nilikuwa nimesimama mbele yake. Aliniangalia kwa muda mrefu, akanishika shavu.

"Mbona umekonda hivi?"

Nililia mbele ya manesi. Yeye alidhani ni furaha, na kwa sehemu ilikuwa furaha. Madaktari walifunga masanduku yao, na yule mwanaume wa Bugwema hakuwa ametokea.