Alivyowaacha Damascène Vijana Wake

Fébronie alirudi kutoka soko la Base Camp, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na nusu ya ndagala zake, dagaa wakavu, hazijauzwa. Mumewe alikuwa nyuma ya nyumba akipura maharage. Alipomwona tu akajua kuna neno.

"Baba Clémence, kuna mtu anakutafuta. Hakutaja jina lako la nyumbani. Aliuliza sajini Musoni anakaa fasi gani."

Damascène akaweka fimbo chini. Tangu wafike Nakivale hakuna aliyemwita sajini. Majirani walimjua kama mzee Damascène, Mrundi mpole mwenye shamba la mahindi, mtu wa kuitwa wanawake wanapogombania foleni ya maji. Alikuwa akifika, anasikiliza upande huu na upande ule, na ugomvi unatulia. Alikojifunza hayo hawakukujua.

"Wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia simjui mtu huyo. Akaniachia namba ya simu, akasema nikimsikia nimpe. Ana kovu hapa, juu ya jicho."

Damascène alilijua kovu lile. Lilikuwa la Venuste.

Zamani, vita ya kwao ilipoisha na wakubwa wakapatana, askari wa jeshi la zamani walichanganywa na waasi waliotoka msituni, wakaambiwa kuanzia leo ninyi ni jeshi moja. Kusema ilikuwa rahisi. Kazi yenyewe waliachiwa masajini. Damascène, aliyekuwa wa jeshi la zamani, akapewa kundi la vijana waliokuwa wakitafutana kwa risasi mwaka uliotangulia. Baba yake mwenyewe aliuawa na watu wa msituni. Hilo hakumwambia askari hata mmoja.

Kijana wake mmoja, Aloys, alikataa kula sahani moja na Venuste kwa sababu Venuste katoka msituni. Wengine walingoja waone atapigwa viboko vingapi. Damascène alikaa chini, akala na Venuste kwenye sahani ile ile, akamwacha Aloys amesimama na njaa yake. Kesho yake Aloys alikaa na kula. Siku nyingine Venuste alikutwa amelala kwenye zamu ya mchana, kosa la kumpeleka mtu gerezani. Damascène alimgusa paji la uso, akakuta linawaka homa. Akachukua bunduki, akasimama mahali pake, na ofisa alipopita akamwambia, "Kijana anaumwa. Zamu hii ni yangu."

Basi kidogo kidogo wale vijana wakawa wamoja. Wakaanza kuchekana, kutaniana, kuazimana viatu vya kwendea kwa wachumba.

Kisha ukaja mwaka wa fujo. Ofisa mmoja alimwita Damascène ofisini, akamtaka amtajie wale ambao mioyo yao haiko pamoja na wakubwa. Damascène akajibu, "Wote ni wangu. Sina wa kukutolea." Siku chache baadaye dereva mmoja akamnong'oneza kuwa sasa yeye ndiye anayetajwa. Akamchukua mke na watoto, wakatoka alfajiri. Vijana wake hakuwaaga.

Hilo ndilo lililomkaa kifuani miaka yote ya Nakivale. Kufa hakukumtisha sana. Alichojiuliza, jembe mkononi, ni jambo moja: nilipowapa mgongo, waligeukana?

"Twende kwa dada yangu, kule Ngarama," Fébronie alisema. "Tukae huko mpaka mtu huyo achoke."

"Na akija hapa akawakuta watoto?" Damascène akachukua simu, akapiga.

Sauti ya upande wa pili ilikuwa imezeeka kidogo, ikamwita mkubwa wake kama zamani jeshini. "Shefu? Ni mimi, Venuste. Kwa simu siwezi kusema mingi. Jumapili, baada ya misa, uje Mbarara, pale Nyamitanga, kwenye majani pale chini ya kanisa kuu. Tafadhali, shefu."

Simu ikakatika. Kama alikuja kwa wema, ya nini kuficha maneno? Damascène hakujua Venuste alishika njia gani baada ya fujo. Watu wengi wa msituni walipanda vyeo. Wengine, kambini walisema, walitumwa kufuata waliokimbia.

"Hautaenda," Fébronie alisema.

"Nitaenda. Ni askari wangu. Akiwa na neno na mimi, aniambie mchana, mbele ya watu."

"Basi tunaenda wote wawili."

Jumapili wakapanda takisi hadi Mbarara, kila mmoja na mawazo yake. Wakavuka daraja la mto Rwizi kwa miguu. Watu walikuwa wanatoka misani, kina mama wamevaa gomesi, watoto wakikimbizana. Fébronie alimshika mumewe mkono, jambo ambalo hawakulizoea mbele za watu.

Venuste alikuwa amekaa kwenye majani. Alipowaona akasimama wima, mikono ubavuni, kama kwenye paredi. Kando yake kulikuwa na mtu mwingine, mwembamba sana, mguu mmoja umenyooshwa na gongo limelala pajani. Huyo naye alijaribu kusimama. Venuste akamwinua kwa kumshika kwapa, bila hata kumtazama, kama mtu aliyekwisha kufanya hivyo mara nyingi.

Alikuwa Aloys.

Damascène akakaa chini pale pale, na wao wakakaa.

"Sikutaka kutaja jina lake kwa simu," Venuste alisema. "Tumepita Tanzania, hajaandikishwa bado kuwa mkimbizi, na anaweza kukamatwa. Unisamehe kama nilikutisha, shefu."

"Ulitutisha sana," Fébronie alisema.

"Nilipoondoka," Damascène aliuliza, "ilikuwaje?"

"Yule ofisa alituita mmoja mmoja. Mimi akaniambia, wewe umetoka msituni, wewe ni wetu, nitajie. Nikamwambia sina wa kumtaja. Aliyenifuata akajibu hivyo hivyo. Hatukuwa tumepatana, shefu. Kila mtu alijibu peke yake."

"Akakasirika, akatutawanya," Aloys alidakia. "Mimi nikafungwa. Mguu uliharibikia huko. Venuste alikuwa ananiletea chakula kila wiki, na walinzi wanamcheka."

Damascène alimtazama Venuste. "Kwa nini ulijitia hatarini namna hiyo?"

Venuste aling'oa jani, akalikunja. "Baada ya wewe kuondoka, mpishi mmoja wa kijijini kwenu alituambia jinsi baba yako alivyouawa. Nilihesabu ile miaka yote uliyokula na mimi, ukanisimamia na homa yangu, na unajua nimetoka wapi. Sikulala. Ningemtaja mtu wako, au kumwacha na njaa, kwa uso gani?"

Damascène alifunika uso kwa viganja, na mabega yakatikisika. Fébronie hakumzuia. Alimwona akilia, na aliona pia kwamba lile alilokuwa amelibeba tangu alfajiri ile ya kuondoka sasa linamtoka.

Damascène alipotulia alianza kuuliza habari za vijana wengine, kwa majina. Mihigo? Anaendesha lori Tanzania, ana watoto. Ezira? Alikufa kwa ugonjwa, kitandani kwake, na wenzake wawili walibeba jeneza. Cyiza? Bado jeshini, lakini ndiye aliyewaonyesha njia ya mpaka. Kila jina lilipojibiwa Damascène alishusha pumzi, mpaka akajikuta anacheka, kwa sababu Mihigo, walisema, mpaka leo hajui kukunja blanketi.

"Kesho nitawasindikiza kwenye kujiandikisha," alisema. "Leo mtalala kwetu."

"Watalala wapi?" Fébronie aliuliza, huku tayari akimpigia Clémence simu aongeze unga kwenye chungu. "Mlango wenyewe ni mwembamba, na huyu ana gongo."

"Nitamwingiza mimi," Venuste alisema. "Nimezoea."

Wakashuka taratibu kuelekea darajani, kwa mwendo wa Aloys.