Sifuri Ukingoni

Leokadia, binti wa Kibosho, alikuja Sydney kusomea shahada ya uzamivu katika hisabati ya namba changamano. Fomula zake hazikuwa zile tulivu za vitabuni. Ndani yake kila namba ilitembea na pacha wake wa kiooni, mmoja juu ya mstari wa namba halisi na mwenzake chini, na wote wawili waliingia kwenye hesabu. Wikiendi alitunza wazee katika nyumba moja huko Fairfield, maana hesabu hazilipi kodi ya chumba chake huko Merrylands.

Ijumaa alimpelekea msimamizi wake, Douglas, uthibitisho mpya. Fomula ilikuwa sifuri kuzunguka ukingo wote wa duara, naye akahitimisha kwamba hata ndani hamna kitu.

“Hiyo ni kweli kwa fomula zisizo na pacha,” Douglas alisema, akichora duara lenye nusu kipenyo cha moja. “Chukua moja, utoe namba ikizidishwa kwa pacha wake. Ukingo wote ni sifuri. Sasa nenda katikati.”

Katikati palikuwa na moja. Leokadia akaacha kuwaza masomo.

Alimkumbuka Mzee Kubwimana wa kule Fairfield, mgonjwa wa kiharusi asiyejibu lolote. Daktari alikuwa amemwomba Leokadia amjaribu kwa Kiswahili, lugha ya mzee, kama bado ana fahamu. Akajaribu macho, vidole, nyayo, ukingo wote wa mwili, kote kimya. Ndipo akamwambia Falone, binti wa mzee, kwamba ndani hamna mtu. Kwa neno hilo familia ikakubali mrija wa chakula uondolewe Jumapili hiyo. Ama kweli, usilolijua ni usiku wa giza.

Jumamosi mchana aliketi kando ya kitanda cha mzee, akamsemesha, akamfinya. Kimya. Akabana pumzi ili asikilize vizuri, na kifua cha mzee kikasimama. Alipoachia, mzee naye akaachia. Akabana tena, kwa hila, katikati ya pumzi. Kifua kikasimama papo hapo. Leokadia aliogopa, tena sana; alitamani kukimbia.

Simu ikaita. Ni Falone.

“Dada, famille yote imefika. Bado unasema baba hayumo?”

Leokadia alimtazama mzee. Alikuwa amebana pumzi, na safari hii hakuwa akimfuata mtu.

“Nilikosea, Falone,” alisema. “Yumo.”

Kifua cha mzee kikashuka.