Somo la Kumgeuza Mgonjwa

Kerubo alikuwa na miaka kumi na minne ya uuguzi, saba kati ya hiyo hapa Doha, na mikono isiyojua kutulia. Mgonjwa akikohoa tu, yeye keshamwinulia mto. Wauguzi wageni walipenda kupangwa naye zamu moja, maana kabla hawajavaa glavu kazi ilikuwa imekwisha. Kumbe hapo ndipo penye taabu, kwa sababu alikuwa akisomea shahada ya uzamili kwa mtandao, katika chuo kimoja cha kwao Kenya, ili awe mwalimu wa wauguzi. Sasa mwalimu gani huyo, hamwachii mwanafunzi hata beseni?

Mara ya kwanza alipotathminiwa akifundisha, msimamizi wake, Daktari Carolyne, alimtazama kwa simu kutoka Kenya, kisha akasema kwa upole uliouma: "Umefanya kazi safi. Wanafunzi wamekuangalia. Lakini hujafundisha." Ikabaki nafasi moja. Akifeli tena, mwaka mzima unarudiwa, na Kerubo hakuwa na mwaka mwingine mwilini. Alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kuondoka kwa kikombe cha chai. Ni ule wa kuvaa soksi moja, ukabaki nusu saa unaitazama ya pili.

Ijumaa ya mtihani alitoka zamu ya usiku asubuhi, na usingizi alioupata haukutimiza saa mbili. Saa nane mchana wanafunzi wake waliingia chumbani kwake, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud: Velma, Mkenya mwenzake, na Rehema wa Tanga. Wote wawili walitunza wazee wasiojiweza katika nyumba za watu huko Muaither, na hakuna aliyewahi kuwafundisha namna ya kuwageuza wasipate vidonda vya kulala.

Simu ikaegemezwa kwenye jagi, Daktari Carolyne akatokea. Velma akajilaza kitandani awe mgonjwa. Kerubo akaeleza hatua zote, akaonyesha mara moja, akampisha Rehema. Rehema akashika bega vibaya, na papo hapo mikono ya mwalimu ikaruka. Kerubo akaiona ikienda, akaikunja kifuani kwa nguvu.

"Velma, ondoka hapo. Nalala mimi."

"Sister, uko sure?"

"Mgonjwa hasemi wala hasaidii. Nigeuzeni. Mkikwama, ulizaneni nyinyi kwa nyinyi."

Akalala, akafumba macho ili asiyaone makosa yao.

Alipoyafumbua, adhana ya magharibi ilikuwa inaadhiniwa. Alikuwa amelala ubavu wa kushoto, mto mgongoni, mwingine katikati ya magoti, shuka limenyooshwa halina hata kunjo. Simu ilikuwa imezimwa. Velma na Rehema walikuwa wamekaa sakafuni wanakunywa chai ya karaki.

Kerubo akashtuka. "Mungu wangu! Nimelala kwenye mtihani wangu!"

"Na ukakoroma, sister," Velma akasema. "Wacha tu."

"Nimefeli. Niambieni tu, nimefeli."

"Hujafeli, dada," Rehema akamjibu. "Tulitaka kukuamsha, daktari akatukataza. Mguu ulitushinda, tukaulizana mpaka tukapatia. Akatuuliza kwa nini mto unakaa hapo magotini, tukamjibu vile vile ulivyotufundisha. Akasema mwambieni amefaulu, nitamwandikia. Ila akatuagiza tusikuache, tukugeuze kila baada ya saa mbili. Hivi ulivyolala ni mara ya pili."

Kwa miaka kumi na minne Kerubo alikuwa amegeuza watu wasiohesabika, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumgeuza yeye. Machozi yakamtoka, akaona haya, akajikongoja ainuke akawaoshee vikombe.

Rehema akamrudisha taratibu kwenye mto.

"Tulia, dada. Bado nusu saa."