Watu Saba Waliompita Bukuru

Mwanangu, rafiki yangu Bukuru alikaa kando ya barabara iendayo Mabamba kwa dakika arobaini, nusu ya mwili wake ikiwa imekufa ganzi, na watu saba wakampita bila kusimama. Wote saba nawajua, kwa sababu baadaye nilitembea nyumba kwa nyumba nikiwauliza. Wa kwanza kati yao ni mimi.

Naikumbuka siku ile kuliko siku ya harusi yangu. Lakini nikianza na siku ile hutanielewa, kwa hiyo niache nirudi nyuma kidogo.

Nilikuwa karani wa mahakama hapa Kibondo kwa zaidi ya miaka thelathini. Kazi yangu ilikuwa kukaa na kuandika waliyoyasema wengine. Nilipostaafu nilitoka na kitambi, mgongo unaouma na presha. Daktari, kijana wa Mbeya aliyehamishiwa huku, alisoma karatasi yangu akasema, "Mzee, dawa nitakupa. Lakini miguu unayo, itumie." Nilirudi nyumbani nimenuna. Kesho yake nikaenda sokoni kununua raba za mtumba.

Bukuru ni jirani yangu, fundi mwashi. Nusu ya nyumba za mtaa wetu ameziinua yeye. Hakuwa na kitambi wala hakuwa ametumwa na daktari yeyote. Aliniona nimesimama uani na raba zangu, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaingia ndani, akatoka na viatu vya turubai vya mwanawe.

"Unakwenda wapi na wewe?" nikamuuliza.

"Nakusindikiza, Karani. Ukianguka huko porini nani atakuokota?"

Karani ndilo jina aliloniita siku zote. Sijui kama analikumbuka jina langu la ubatizo.

Huku kwetu, mwanangu, mtu mzima hakimbii. Akikimbia ujue amebeba habari ya msiba, au anafukuzwa. Asubuhi ya kwanza, mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage alituona, akatupa jembe chini, mikono kichwani. "Yoo! Nani amekufa?" Ilibidi tusimame tumtulize. Vijana wa bodaboda nao hawakutuacha. "Babu! Rudisheni kuku wa watu!" Bukuru hakukawia kuwajibu. "Tumeshamla! Sasa tunamtafuta jogoo!"

Siku hizo tulikimbia kutoka nyumba yangu hadi nguzo ya tatu ya umeme, tukatembea hadi ya sita, tukarudi tunahema kama ng'ombe wa kulima. Magoti yaliuma hata nikashuka kitandani kinyumenyume. Kucha mbili za miguu ziligeuka nyeusi zikang'oka. Mke wangu alisema nimerogwa.

Lakini baada ya miezi michache mwili ulianza kunijibu. Nililala usiku kucha, jambo nililokuwa nimelisahau. Tulitoka kabla jua halijapanda, ukungu umejaa mabondeni, vilele vya vilima tu vikionekana, na tulipofika kwenye mashamba ya kahawa wakati wa maua, harufu yake ilitufuata hadi mteremko wa pili. Nilijisikia nina kifua tena. Sikudanganyi, mwanangu: katika uzee wangu sijapata furaha kubwa kuliko ile. Ndiyo maana sikusudii kukuambia usikimbie.

Tatizo lilikuwa salamu. Unawajua Waha kwa salamu. Mtu akisema "Mwakeye", hupiti tu. Unasimama, unainama kidogo, unapiga makofi yale ya taratibu, unaulizwa nyumba, unaulizwa watoto, unaulizwa ng'ombe hata kama huna. Bukuru hakumruka mtu. Kwa kila mama mwenye tenga na kila mzee mwenye fimbo, yeye alisimama. Mbio za nusu saa zilituchukua saa mbili.

Hilo halikunisumbua mpaka binti yangu aliyeko Dodoma aliponiletea saa. Ilikuwa saa ya mkononi, nyeusi, inayopima umbali na mapigo ya moyo, na ukisimama inaandika kwamba umesimama. Mtu aliyeishi kwa kumbukumbu za maandishi, ukimpa kitu kama kile umemmaliza. Nikaanza kutaka kilometa kumi bila kusimama hata mara moja. Kila asubuhi Bukuru alisimama kusalimia, na kila asubuhi nilimuonyesha saa.

"Umetuharibia tena."

"Nimemuuliza tu hali ya mguu wake, Karani. Alikatwa na panga."

Basi nikafanya kinachofanywa na mtu mwenye akili za ofisini. Nilikwenda kwenye mkutano wa kitongoji, nikamwomba mwenyekiti anipe nafasi. Nikasimama mbele ya watu, nikasema kwamba mimi na Bukuru tunakimbia kwa amri ya daktari, kwamba kusimama ghafla ni hatari kwa moyo wa mzee, na kwa hiyo watu wasitusalimie wala wasitusemeshe tukiwa barabarani. Habari ya moyo niliitunga mwenyewe pale pale.

Watu wakanung'unika. Mzee mmoja akauliza, "Hata nikiwa na neno?" Nikamwambia, "Hata ukiwa na neno, lisubiri nyumbani." Mwenyekiti akapitisha. Bukuru alikuwa amekaa benchi la nyuma, akitazama kofia yake. Tulipotoka aliniambia, "Umenifanya mgeni kwenye barabara ya kwetu." Lakini aliendelea kuja, na watu waliendelea kutii. Tulipopita waligeuza nyuso kwa adabu. Alichofanya Bukuru ni kupiga yale makofi huku akikimbia, bila neno.

Na si kwamba sikufundishwa. Hapa ndipo ninapojilaumu zaidi. Nilikuwa na umri kama wako, huko Nyakitonto, baba aliponituma kwa mjomba. Nilikwenda mbio kwa sababu nilijua nina mbio. Njiani alikuwa amekaa bibi mmoja na mzigo wa kuni. Nilimpita kama upepo. Nikasikia ananiita, nikadhani anataka salamu tu, nikaongeza mwendo.

Mchana baba alikuwa ameshapata habari. Hakunipiga. Alinichukua kwa miguu hadi kwa yule bibi, nikainama nikasalimia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bibi akasema hakuwa na kinyongo. Alitaka mtu wa kumtwisha kuni, basi. Alikaa pale hadi jua likawa kali, kichwa kikamuuma. Tukiwa tunarudi, baba akasema maneno ambayo niliyaelewa siku ile, kisha nikayasahau kwa miaka hamsini: "Ungemsalimia, angekueleza shida yake. Sasa ulitaka akuelezeje, apige kelele nyuma ya mgongo wako?"

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Tulitoka kama kawaida. Baada ya mteremko wa pili Bukuru alianza kubaki nyuma. Alisema kiatu cha kulia kinamvuta. Nikamtazama, kiatu kilikuwa kizima. Mguu ndio uliokuwa ukikwaruza vumbi. Akasema jambo jingine, maneno yakamtoka mazito, kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Nikamtania, "Umeshaanza pombe asubuhi hii?" Hakucheka, na Bukuru hucheka kwa kila kitu. Mwanangu, mimi niliyeandika ushahidi wa watu miaka yote ile niliyaona yote matatu, mguu, ulimi na uso usiocheka, na sikuyaunganisha. Au niliyaunganisha, nikaangalia saa. Ilikuwa imeandika kilometa mbili, bila kusimama.

Akakaa kwenye jiwe kabla ya kalavati. Nikakimbia pale pale mbele yake, miguu ikipanda na kushuka, ili saa isiandike kwamba nimesimama. Nikamwambia, "Pumzika. Nafika juu nageuka, nakukuta hapa." Nikaenda.

Nilipokuwa nimeshavuka kalavati nikasikia, "Karani!" Ilisikika mara moja, wazi kabisa. Sikugeuka.

Niliporudi alikuwa ameanguka kando ya jiwe, shavu kwenye majani yenye umande, mdomo umekwenda upande mmoja. Macho yalikuwa wazi. Yalinitazama tangu nikiwa mbali mpaka nikafika. Kwa hesabu ya saa, dakika arobaini zilikuwa zimepita tangu nimwache.

Nilisimamisha bodaboda, tukampakia mimi na dereva, nami nikiwa nyuma nimemkumbatia asianguke. Hospitalini daktari yule yule wa Mbeya aliuliza ilianza lini, nikamwambia muda sawasawa. Akauandika, akasema kiharusi hakisubiri mtu, kila dakika inachukua kitu.

Wiki ile ile nilianza kuwatafuta waliopita. Mama mwenye muhogo alisema, "Nilimwona amekaa. Nikasema moyoni, hawa wazee walitukataza." Mwenye baiskeli ya ndizi alisema hivyo hivyo. Wasichana wawili wa shule walisema waliona mkono wake ukitikisika, wakaogopa kuvunja amri ya mkutano. Dereva wa bodaboda alipunguza mwendo, abiria wake akamwambia, "Waache, hao ni wa daktari." Kila mmoja aliniambia hayo akiwa ameinamisha kichwa, kana kwamba ni yeye mwenye kosa. Mama mwenye muhogo alilia, akaniita mzee kwa Kiha. "Mutama, tungejua!" Nilishindwa kumwambia kwamba wao hawakuwa na njia ya kujua. Walitii tu.

Mke wa Bukuru, Mama Yoramu, aliniuliza mara moja tu, siku ya tatu, kwenye benchi la nje ya wodi. "Shemeji, hakukuita?"

Nikamjibu, "Hakuniita."

Nimerudi kwenye mkutano wa kitongoji nikaifuta ile amri kwa mdomo wangu mwenyewe, nikaeleza kwamba habari ya moyo ilikuwa uongo. Watu waliniacha niseme, hakuna aliyenizomea, na hilo lilikuwa zito kuliko kuzomewa. Saa nimeifungia kabatini. Bado natoka asubuhi, kwa sababu presha bado ipo, ila sasa nasimama kwa kila mtu, na hakuna siku nimefika popote kwa wakati. Kisha napita kwa Bukuru. Alitolewa hospitali, sasa analala nyumbani kwake, kwenye kitanda karibu na dirisha la ukuta alioujenga mwenyewe. Nainama, napiga makofi, nasema "Mwakeye", namuuliza nyumba, namuuliza watoto. Mkono wake wa kushoto unapiga godoro taratibu. Wa kulia umelala tu.

Siku hizi nawaona vijana wengi mnakimbia asubuhi, hapa na hata Kasulu, fulana za rangi, hedifoni masikioni. Inapendeza. Kimbieni, na msingoje kustaafu kama mimi. Lakini, mwanangu, ukikimbia na mwenzako, mwendo wenu ni wa yule aliyechoka. Akisema mguu unamvuta, mtazame usoni, mwambie acheke, mwambie anyanyue mikono yote miwili. Akishindwa, mbio zimeisha, tafuta usafiri. Toa hicho kitu sikioni unapopita mtu. Msalimie, hata kama kifua kinawaka, kwa sababu mwenye shida hapati pa kuanzia kama hukumpa nafasi. Ukiitwa, geuka. Utapoteza hatua kumi, labda ishirini. Mimi sikuzipoteza, na sasa ndizo ninazozihesabu kila siku.

Mungu akupe miguu myepesi hadi uzeeni, akupe na mwenzi wa kukimbia naye, na akupe masikio yanayosikia nyuma kama yanavyosikia mbele.

Nimebakiwa na jambo moja, nalo sijui litaishaje. Daktari alisema ulimi wa Bukuru huenda ukarudi, huenda usirudi. Juzi asubuhi nilikuwa nimeinama kumsalimia, Mama Yoramu ameshika kikombe cha uji, Bukuru akakunja uso, akakusanya mdomo, akatoa neno lake la kwanza tangu siku ile. Lilitoka vipande viwili, lakini lilisikika.

"Ka... rani."

Mama Yoramu aliweka kikombe chini. Hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi, akangoja, kama siku ile aliponiuliza kwenye benchi la wodi. Nami nilimalizia salamu, nikaaga.