Walinifunga Kamba kwa Kosa la Kutetemeka

Naikumbuka vizuri siku niliyofungwa kamba, mwanangu, na kila ninapoikumbuka damu inanichemka upya. Sikuwa nimeiba mbuzi wa mtu. Sikuwa nimemkata mtu panga. Nilikuwa natetemeka, basi. Kwa kosa hilo kaka yangu, tuliyezaliwa naye tumbo moja, alinifunga mikono kwa kamba ya katani na kunilaza kwenye mkeka sebuleni kwangu, majirani wakajaa mlangoni kutazama.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana ukilisikia jambo hili vipande vipande utadhani nilikuwa nimeshikwa na kichaa.

Wakati huo nilikuwa bado na nguvu zangu. Nilikuwa nachimba jasi kule Makanya, yale mawe meupe yanayopelekwa kwenye viwanda vya saruji. Ni kazi ya sururu na jua kali, na vumbi lake linakufuata mpaka kwenye sahani ya ugali. Siku moja ukingo wa shimo uliporomoka ukanibana kiuno. Wenzangu walinichomoa nikiwa hai, namshukuru Mungu, lakini tangu hapo maumivu yakawa yananishuka kutoka kiunoni hadi kwenye unyayo, kama mtu amenipitishia waya wa umeme mguuni. Nilipopimwa hospitalini nikaambiwa mshipa wa fahamu umeumia. Nikapewa vidonge.

Vidonge vile sitavisingizia. Vilinisaidia. Nilirudi kwangu mlimani, kwa mke wangu Namsifu, nikaanza kupata usingizi, na baada ya muda nikaweza hata kupalilia tangawizi yetu, nikipumzika kila nikifika mwisho wa tuta. Lakini yule aliyenikabidhi dawa hakunifumbulia mdomo kuhusu namna ya kuziacha. Alinipa mfuko, akaita mgonjwa mwingine. Mpaka leo najiuliza, ingemchukua muda gani kuniambia, "Mzee, usije ukaziacha ghafla"? Mwanangu, hasira yangu inaanzia hapo. Mtu anakupa kitu cha kuingia mwilini mwako, halafu anaona si lazima ukielewe.

Kaka yangu mkubwa aliitwa Eliakimu. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa msimamo, na tangu baba yetu afariki nilimheshimu kama baba. Nisimwonee: alikuwa na jeraha lake. Mtoto wa baba yetu mdogo alikuwa ameharibikiwa na unga, zile dawa za kulevya, huko Dar es Salaam, na Eliakimu ndiye aliyekwenda kuuleta mwili wake. Hakuwahi kupona jambo lile. Basi akaja kusikia sokoni, kwa watu wasiojua hata jina la dawa yangu, kwamba vidonge vya aina ile vijana wa mjini wanavimeza ili walewe.

Alikuja nyumbani mimi nikiwa shambani. Namsifu alimkaribisha chai. Kaka akaingia chumbani, akachukua mfuko wa dawa, akaenda nao chooni, akautumbukiza shimoni. Niliporudi alikuwa amekaa kwenye benchi ananisubiri.

"Nimezitupa," alisema. "Sitazika teja mwingine kwenye ukoo huu."

"Kaka, zile ni dawa za hospitali."

"Hata mwenzako alianza na za hospitali."

Namsifu akasema, "Shemeji, ungetuuliza kwanza." Kaka akamwambia mambo ya ukoo hayamhusu. Mke wangu, aliyenikanda kiuno kila jioni, hayamhusu!

Siku zilizofuata sitamwombea hata adui yangu. Unajua baridi yetu ya mlimani, ukungu unapoingia mpaka jikoni. Mimi nilikuwa nalowa jasho kama niko mgodini. Tumbo halikubali chakula. Usingizi ulikata kabisa. Moyo ulinienda mbio nimekaa kitini, na nikapata hofu ya ajabu, hofu isiyo na sababu, ya kuogopa hata mlio wa kuku. Mikono ilitetemeka nisiweze kushika kikombe. Na yale maumivu ya mguu yakarudi kwa kishindo.

Kaka alipoyaona hayo, unadhani alishtuka akasema tumwahishe hospitali? Alizidi kujiona ana haki. "Arosto hiyo, kiu ya unga!" akawa anawaambia watu njiani. "Mlikuwa hamniamini, nendeni mkamwone." Watu wakaja kweli kuniona. Wengine walikuwa wageni wa harusi yangu. Walisimama mlangoni wakanong'ona kuwa hata macho yangu yamebadilika.

Asubuhi moja niliona nitakufa. Nikavaa viatu, nikaanza kujikongoja kwenda barabarani nitafute usafiri wa kushuka hospitalini. Kaka akaniona nayumba, akadhani nakwenda kutafuta dawa za kulevya. Akawaita wanaume wawili, wakanikamata, wakanirudisha ndani. Ndipo ikaja kamba. Nilipiga kelele kwamba naumwa, nipelekeni kwa daktari, na kila nilivyosema ndivyo walivyokaza. Kisha wakaanza kuniombea. Mimi ni mtu wa sala, mwanangu, sala siidharau. Lakini wewe niambie, ni Mungu gani aliyewaagiza wamwombee mtu huku wamemfunga kama mbuzi wa mnada?

Namsifu hakubishana nao. Aliteremka mbio kitongoji cha chini, kwa shangazi yetu Nakijwa, dada mkubwa wa baba. Kwetu shangazi akisema, mtoto wa kaka yake hana pa kukatia rufaa. Bibi yule alipanda mlima na fimbo yake, pumzi zikimwisha. Alipotokea uani watu wote wakamwamkia, "Shikamoo, shikamoo, bibi." Hakusema marahaba kwa mtu hata mmoja. Sijawahi kuona jambo kama hilo maishani mwangu. Watu waliinamisha vichwa kama wamemwagiwa maji.

Akaingia sebuleni. "Nani amemfunga mtoto wa kaka yangu?"

"Mimi, shangazi," Eliakimu alijibu. "Anaumwa arosto. Tunamwokoa."

"Umemwuliza anaumwa wapi?"

"Shangazi, hali yake si inaonekana..."

"Sikukuuliza inaonekanaje. Umemwuliza?"

Shangazi akaketi chini, mtu wa umri ule, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Sema, baba. Unaumwa wapi?" Nililia, mwanangu. Nilikuwa mwanaume mwenye familia na nililia mbele za watu, kwa sababu tangu dawa zitupwe, katika ukoo wangu wote, huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza. Nikamweleza kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

Kisha akamgeukia kaka. "Mgonjwa amesema anaumwa, amesema anataka daktari, wewe ukampa kamba. Hebu nionyeshe mahali ulipofundishwa hivyo. Mfungue kwa mikono yako mwenyewe, halafu mbebe mgongoni mpaka barabarani."

Eliakimu alinifungua. Akanibeba kweli, tukapata bodaboda, tukashuka mlima mshikaki, mimi katikati, yeye nyuma amenishika nisidondoke.

Hospitalini tulimkuta daktari, dada mmoja mpole. Kaka, bado na ukaidi wake, akaanza: "Daktari, huyu ni teja." Yule dada akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Ulikuwa unameza zaidi ya ulivyoandikiwa?" Nikasema hapana. "Basi si teja. Mwili wake ulishaizoea dawa, na mmeikata ghafla. Hata akili ingemvurugika. Mwingine hupata degedege. Huyu angepatwa amefungwa mikono, mngemzika."

Nilimwona kaka anatafuta ukuta wa kuegemea.

Daktari akanirudishia dawa, nilipotulia akaanza kunipunguzia kidogo kidogo, kila nikirudi kliniki anashusha. Haikuwa rahisi. Kila aliposhusha nilikuwa na siku mbaya: jasho, usingizi wa mang'amung'amu, hasira za bure ambazo Namsifu alizivumilia. Lakini sasa nilijua kinachonipata, na anayejua kinachompata haogopi sana. Nilitembea asubuhi mpaka kwenye mfereji na kurudi. Nikaanza kula. Usingizi ukarudi, na hatimaye nikaishi bila vidonge. Mguu unaniuma wakati wa baridi, lakini ninaumudu. Eliakimu alinilimia shamba msimu mzima akiwa kimya, na Jumapili moja, tukitoka kanisani, akaniambia, "Niliogopa usije ukafa kama yule. Nisamehe." Nilimsamehe kwa moyo wote. Hasira niliyonayo si yake peke yake.

Ni ya tabia hii ambayo naiona bado ipo. Juzi nimeonyeshwa kwenye simu video ya mama wa watu anatetemeka kituo cha basi, kijana anamrekodi, wengine wanacheka na kuandika kuwa ameshalewa. Hakuna aliyemletea hata kiti! Mmejuaje kuwa amelewa? Nani kati yenu alimwuliza?

Basi nisikilize, mwanangu. Ukipewa dawa, usitoke mbele ya daktari hujauliza inafanya nini na inaachwaje. Akikukunjia uso, uliza tena, mwili ni wako. Ukitaka kuacha, rudi kwake mshushe pamoja. Usiruhusu mtu yeyote, awe kaka, awe mchungaji, aguse dawa zako kwa sababu ya aliyoyasikia sokoni. Nawe usiguse za mwenzako. Hata yule aliyezama kweli kwenye unga ni mgonjwa. Naye apelekwe kwa daktari, asifungwe kamba.

Mungu akupe mwili wenye afya na moyo usio mwepesi wa kuhukumu. Akujalie mwenzi kama Namsifu wangu. Na siku ukiugua, maana sote tunaugua, akuzungushie watu watakaokaa chini karibu nawe na kukuuliza unaumwa wapi. Amina.